Ukishamwangusha usimlalie: jinsi ya kumaliza pambano la MMA kwa mieleka, kwa machalii wa Arusha na Moshi

Mambo vipi machalii. Huku kwetu kuanzia Chuga mpaka Moshi watu wengi wanaoingia MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukaba) wametokea kwenye ngumi, wachache judo na karate, na siku hizi naona karibu kila mtu ameshajua kumbeba mwenzake na kumbwaga. Safi sana. Shida inaanza baada ya hapo. Mtu anaingia miguuni vizuri kabisa, anaangusha, jimu nzima inapiga kelele, alafu anamlalia mwenzake kifuani, anamkumbatia, anakaa hapo mpaka kengele ilie. Ukimuuliza anakwambia nilikuwa namkontro. Sawa unamkontro, ili iweje?

Kuangusha ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Hapa naongelea nusu ya pili, yani wale wapiganaji waliotoka kwenye mieleka na bado wanamaliza mapambano kwa KO (kumzimisha mtu kwa kipigo) au roba (kumkaba shingo) bila kusubiri majaji wahesabu pointi, wanafanyaje na wewe chalii wa Ngarenaro au Pasua unaweza ukaiba nini kwao.

Na ninaposema mieleka simaanishi ile ya akina Undertaker tuliyokuwa tunaiangalia vibanda umiza, ile imepangwa. Namaanisha mieleka ya Olimpiki na ya vyuo vya Marekani. Brock Lesnar yupo kote kote, tulimjua kwenye ile ya TV lakini mwaka 2000 alikuwa ameshakuwa bingwa wa vyuo vya Marekani (NCAA) akiwa Minnesota, na Novemba 2008 akambeba Randy Couture, ambae na yeye ni mtu wa mieleka, akammaliza raundi ya 2 akachukua mkanda wa uzito wa juu wa UFC (kampuni kubwa ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA). Kwaiyo wanaosema mieleka ni maigizo wapelekee huyo.

Kwanini wengine wanaangusha tu na hawamalizi

Hii ukiielewa umeshapata robo ya somo. Kwenye mieleka unashinda kwa kumbandika mtu mabega chini, au kwa pointi. Ile ya vyuo vya Marekani ina kitu kingine, ukimshikilia mwenzako chini kwa jumla ya zaidi ya dakika 1 kumzidi alivyokushikilia wewe, unapata pointi ya ziada mwisho. Sasa fikiria mtu kafundishwa hivyo tangu mtoto, mwili wake wote umezoea kwamba kifua kikigusana na kifua kazi imeisha. Kwenye MMA kifua kwa kifua maana ake huna nafasi ya kupiga, na yeye chini anapumzika, anakusubiri ukosee.

Mfano mchungu kuliko yote ni Chael Sonnen na Anderson Silva, UFC 117, Agosti 2010. Sonnen alimwangusha Silva raundi baada ya raundi, alimpiga ngumi nyingi sana lakini nyepesi nyepesi, raundi 4 zote zake, ya 5 imebaki chini ya dakika 2 awe bingwa. Silva akamnasa kwa roba ya miguu akiwa chini, Sonnen akatapu (akagonga kwa mkono kukubali kushindwa). Mtu aliyeongoza pambano zima karudi nyumbani hana mkanda.

Na Agosti 2025 Khamzat Chimaev alimshikilia Dricus du Plessis chini zaidi ya dakika 20 kati ya 25, akachukua mkanda kwa majaji. Alishinda ndio na mkanda ni mkanda, ila mimi binafsi raundi ya 3 nilishaanza kuchungulia simu, maana huyu huyu ndo aliyemkamua Robert Whittaker taya Oktoba 2024 raundi ya kwanza tu mpaka akatapu. Chimaev yule yule, mieleka ile ile, tofauti ni kwamba kwa Whittaker kila alipopata sehemu alikuwa anaenda sehemu nyingine mbaya zaidi, kwa du Plessis alitosheka na kumshika.

Mkono kwanza, miguu baadae

Usiingie miguuni kavu kavu. Kengele imelia hujatupa hata jabu moja (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) umeshainama unakimbilia miguu, utakutana na goti. Ben Askren alikuwa bingwa wa NCAA mara 2 akiwa Missouri, akaenda Olimpiki ya Beijing 2008, alikuwa hajawahi kupoteza pambano la MMA hata moja, akakutana na Jorge Masvidal UFC 239 Julai 2019. Masvidal alijua kabisa huyu anakuja chini, akakimbia akaruka na goti, sekunde 5 biashara imeisha, KO ya haraka kuliko zote kwenye historia ya UFC.

Mfanye kwanza anyanyue mikono. Jabu usoni, jabu tena, ya tatu iigize tu, pale mikono yake inapopanda kulinda uso wewe shuka. Unashuka kwa kukunja magoti, mgongo unabaki umenyooka, ukiinamisha mgongo utajikuta unaangalia vidole vyako vya miguu na hapo umeshachelewa. Kichwa juu, sikio lako linagusa mbavu zake, mikono inadaka nyuma ya magoti yake yote mawili (hiyo ndo dabo legi) alafu usisukume mbele moja kwa moja kama unasukuma daladala bovu, kata kona, msukume kuelekea upande ule ambao kichwa chako hakipo, miguu yako inaendelea kutembea hata baada ya kumshika. Wengi wanashika alafu wanasimamisha miguu, hapo ndo anaweka uzito juu yako na wewe unabaki umepiga magoti umebeba mtu mgongoni.

Uzuri ni kwamba hii inafanya kazi na kinyume chake. Mtu akishaogopa kuangushwa mikono yake inashuka yenyewe, macho yanaenda kiunoni kwako, na uso unabaki wazi. Ndo maana Khabib Nurmagomedov, ambae hakuna anayemuita mpiga ngumi, alimdondosha Conor McGregor kwa mkono wa kulia raundi ya 2 Oktoba 2018, Conor aliyekuwa anasifiwa kwa mikono kuliko mtu yeyote wa uzito ule. Conor alikuwa anasubiri miguu.

Lakini wa kujifunza zaidi hapa ni ndugu yetu Kamaru Usman, mzaliwa wa Auchi Nigeria, bingwa wa vyuo vya daraja la pili Marekani mwaka 2010, na mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kuwa bingwa wa UFC. Pambano lake la kwanza na Masvidal Julai 2020 alimbana kwenye keji (ulingo uliozungushiwa wavu) raundi 5, anamkanyaga vidole vya miguu, watu walilalamika sana kwamba inachosha. Wakarudiana Aprili 2021, raundi ya 2 Usman akatupa mkono wa kulia mmoja, Masvidal akazima kabisa. Tazama hayo mawili kwa kufuatana kama una bando. Lile la kwanza ndo lililotengeneza la pili, dakika 25 za kubanwa zilimkaa Masvidal kichwani.

Wengine wa hivi ni Dan Henderson, Justin Gaethje na Daniel Cormier. Cormier alishika nafasi ya 4 Olimpiki ya 2004, alafu Julai 2018 akamlaza Stipe Miocic raundi ya kwanza kwa mkono mfupi wa kulia walipokuwa wanaachiana kwenye kukumbatiana. Sitawaongelea sana maana hao ni watu wa mieleka waliogeuka wapiga ngumi, ukitokea kwenye ngumi huku Kaloleni hiyo sehemu wewe ndo una faida nayo tayari.

Sekunde 3 za kwanza chini

Hapa ndo penyewe, hapa soma taratibu.

Mkianguka unaweza kujikuta sehemu mbili. Ya kwanza ni katikati ya miguu yake, amekufunga kiuno, hiyo ndo gadi, na hapo yeye ana silaha, roba ya miguu, mkono wako unavunjika, anakugeuza. Sonnen aliliwa hapo hapo. Ya pili ni pembeni, miguu yake yote imebaki upande mmoja na kifua chako kiko upande mwingine. Unataka ya pili kila siku, na haiji kwa bahati, unaitengeneza ukiwa bado hewani. Ile kona niliyosema ukate wakati wa kusukuma ndo inaleta hii, mtu akianguka kwa upande miguu yake inabaki pamoja.

Sekunde ya kwanza baada ya kugusa chini yeye anafanya kitu kimoja tu, anatafuta kukaa na kuweka mkono chini anyanyuke. Kila mtu anafanya hivyo, hata ambae hajawahi kufundishwa. Kwaiyo wewe usikimbilie kupiga. Funga miguu kwanza.

Angalia Khabib. Rekodi yake 29 kwa 0, kati ya hizo 11 kwa kunyonga na kuvunja, 8 kwa KO na TKO (refa anasimamisha kwa sababu mtu anapigwa tu), 10 majaji. Alikuwa bingwa wa dunia wa sambo ya kijeshi (mchezo wa Urusi wa kuangusha, kupiga na kukaba) 2009 na 2010, kalelewa kwenye mieleka Dagestan. Akishamkalisha mtu kwenye keji, mtu ameegemea wavu miguu imenyooka mbele, yeye anapiga magoti ameibana ile miguu katikati ya mapaja yake, alafu anakunja miguu yake mwenyewe chini ya vifundo vya yule mtu anaifunga. Basi. Yule hawezi kukunja goti, na bila kukunja goti hakuna kusimama. Mikono ya Khabib yote miwili iko huru na mwenzake amekaa tu.

Cha pili ni ule mkono anaouegemea. Pitisha mkono wako nyuma ya mgongo wake udake kifundo cha mkono wake wa upande wa mbali, uuvute uubandike kiunoni kwake kwa nyuma. Sasa ameketi, miguu imefungwa, amebaki na mkono mmoja wa kulinda uso, na wewe una mkono mmoja mzima wa kupigia. Hapo hata kama ngumi zako sio nzito atakula tu, na atachoka haraka kuliko wewe kwa sababu uzito wako wote umemkalia.

Huku keji za mazoezi ni shida, tumia ukuta. Weka godoro moja ukutani limesimama na jingine chini, anzeni mmoja ameshakaa ameegemea, kazi yake kusimama tu, kazi ya wa juu kumzuia na kumgusa uso kwa kiganja kila anapopata nafasi. Dakika 3, mnabadilishana. Fanyeni hii kuliko mnavyofanya kuangushana. Najua haina raha, hakuna anayeirekodi aweke status, lakini wenye mikanda ndo walikopatia.

Kupiga chini ili refa aingie

Watu wanadhani TKO ya chini ni ngumi moja kubwa. Hapana. Refa anaangalia kama yule mtu bado anajitetea kwa akili, akiona amejikunja tu anapokea, anaingia. Kwaiyo mfululizo una thamani kuliko uzito. Ngumi 15 za wastani mfululizo zinasimamisha pambano ambalo ngumi 3 kali zenye mapumziko katikati hazisimamishi. Angalia Cain Velasquez alivyomfanyia Lesnar Oktoba 2010 raundi ya kwanza, haachi hata sekunde, Lesnar anageuka huku anageuka kule kila anapogeukia kuna ngumi, mpaka refa akaingilia.

Aliyeifanya hii iwe fani ni Mark Coleman, bingwa wa NCAA 1988 na mwanamieleka wa Olimpiki 1992, akaingia UFC 1996 akabeba mashindano mawili mfululizo, na Februari 1997 akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu. Enzi zake hata kichwa kilikuwa kinaruhusiwa, anamlaza mtu anampiga kichwa usoni. Leo ukifanya hivyo unaondolewa.

Ili upige lazima uachane na kifua chake, na hapo ndo watu wa mieleka wanapata ugumu kwa sababu wanaona wanaachia kontro. Ujanja ni kubana kitu kimoja kabla ya kunyanyuka. Bana kifundo kimoja cha mkono wake chini, au weka mkono wako wa mbele chini ya taya yake umgeuze uso pembeni, alafu nyanyuka na piga. Anza na mbavu, mikono ikishuka rudi usoni. Kiwiko ni bora kuliko ngumi pale mlipo karibu, hakihitaji nafasi kubwa na kinachana, Jon Jones, ambae na yeye alitokea mieleka ya chuo, kajenga jina kwa viwiko vya juu. Nyuma ya kichwa ni marufuku. Goti kichwani kwa mtu aliye chini ni marufuku. Kile kiwiko cha kushuka wima kutoka juu kilikuwa marufuku miaka mingi, ndo kilimpa Jones kipigo chake cha pekee kwenye rekodi, Desemba 2009 alipoondolewa mchezoni akipigana na Matt Hamill, UFC wamekiruhusu tangu Novemba 2024. Ila sheria hazifanani kila mahali, nitarudi hapo.

Shingo

Sasa kwanini unampiga? Jibu la haraka ni ili umtoe, sawa, lakini mara nyingi unampiga ili ageuke. Mtu akipigwa usoni akiwa chali anavumilia mpaka mahali fulani, alafu anageuka kulala kifudifudi au anapiga magoti ajaribu kunyanyuka. Akigeuka amekupa mgongo. Asipogeuka anaendelea kula ngumi. Unataka awe na machaguo mawili na yote mabaya, hapo ndo pambano linaisha, na ukiangalia mapambano yote ya hawa jamaa utaona kitu hicho hicho kinajirudia. Matt Hughes na Frank Trigg, Aprili 2005, kila mpenzi wa mchezo huu analijua hili. Hughes kapigwa goti sehemu za siri refa hajaona, katandikwa, kakabwa karibu azime, akajitoa, akambeba Trigg begani akatembea nae upande wa pili wa keji akambwaga, akamkalia, akampiga, Trigg akageuka, roba. Yote hiyo raundi moja.

Akishatoa mgongo usirukie shingo. Mkono mmoja upite juu ya bega lake, mwingine chini ya kwapa, vikutane kifuani kwake ushikanishe. Visigino viingie ndani ya mapaja yake, usivipishanishe mbele maana atakubana kifundo cha mguu utapiga kelele. Sukuma kiuno chako chini mpaka alale tumbo limegusa chini. Mtu akiwa kifudifudi umemkalia mgongoni hawezi hata kutumia mikono kujikinga vizuri, mpige pembeni ya uso, karibu na sikio, asipofungua shingo refa atasimamisha, akifungua unaingiza mkono. Kiwiko chako kikae chini ya kidevu chake katikati kabisa, kiganja kishike msuli wa mkono wako mwingine, na kiganja cha huo mwingine kijifiche nyuma ya kichwa chake asije akakidaka. Alafu vuta kwa mgongo na kifua, sio kwa nguvu za mikono. Inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo na ikikaa sawa ni sekunde chache tu. Khabib alimmaliza Dustin Poirier hivi Abu Dhabi Septemba 2019.

Roba nyingine inayowafaa sana watu wa mieleka ni ile ya bega, kwa sababu unaifanya ukiwa juu, ukikosea bado uko juu. Umemkalia au uko pembeni, yeye ananyoosha mkono kukusukuma usoni. Usukume huo mkono upite mbele ya shingo yake, weka kichwa chako nje yake uubane hapo, mkono wako mwingine uzungushe shingo yake. Shuka upande ule ule wa mkono ulioubana, lala chini kabisa, tembea kwa miguu kidogo kuelekea kichwani kwake na ubane. Bega lake mwenyewe linabana upande mmoja wa shingo na mkono wako unabana mwingine. Lesnar alimtoa Shane Carwin kwa hii Julai 2010, na Islam Makhachev akamshinda Charles Oliveira kwa hii hii akachukua mkanda Oktoba 2022, tena alianza kwa kumdondosha kwa ngumi, na wakati wengine wangeruka na ngumi za pupa yeye akashuka nae kwa utulivu, akatulia juu, akabana.

Ile ya kukamua taya na shingo aliyofanya Chimaev iacheni kwenye sparing. Shingo ya mwenzako ndo hiyo hiyo kesho atabebea mizigo. Na mtu akitapu achia hapo hapo, hata kama ni mguso mdogo, hata kama unaona anadanganya. Akizima mwachie, mlaze ubavu, na siku hiyo harudi kwenye mazoezi hata akisema yuko fiti. Na ole wako nisikie umeenda kuijaribu kwa mtu stendi, wananchi watakuchukulia kibaka na hawatakuuliza rekodi yako.

Mahali wanapoliwa

Kubwaga kwa kishindo sio kumaliza. Kevin Randleman, bingwa wa NCAA mara 2, Juni 2004 kule Japani alimnyanyua Fedor Emelianenko akamshusha kwa kichwa, ukiona ile picha unasema huyu mtu amekufa. Muda mfupi baadae Fedor akamkunja mkono, Randleman akatapu. Alimbwaga alafu hakuwa na kinachofuata.

Cha pili ni kuingiza kichwa ukiwa umechoka. Velasquez huyu huyu niliyemsifia alipigana na Fabricio Werdum Mexico City Juni 2015, mji uko mita kama 2,240 juu ya usawa wa bahari, Werdum alikwenda kukaa kule mapema azoee, Cain alichelewa. Raundi ya 3 Cain pumzi imekata, akaingia miguuni kivivu kichwa kikiwa chini na nje, Werdum akakidaka akamkaba kwa mbele. Sisi Arusha tuko mita kama 1,400, Moshi mjini chini ya hapo, msije mkajidanganya kwamba tumeshazoea milima. Mapafu ya mieleka hayafanani na ya kukimbia, unaweza ukapanda kutoka Moshi mjini mpaka Kibosho bila kusimama na bado ukamsukuma mtu ukutani dakika 2 ukataka kutapika. Kimbieni ndio, ila pumzi ya hapa inatoka kwenye kusukumana na mtu anayekataa.

Ukiona kichwa chako kimedakwa kwa mbele, usivute nyuma, hapo ndo unajinyonga. Daka mkono unaokukaba, simamisha kichwa, zunguka kuelekea upande wa pili wa kichwa chako kilipo, shusha bega lako limkandamize shingoni. Poirier alimkaba Khabib hivi raundi ya 3 na watu wakasimama, Khabib akatulia akatoka, muda mfupi baadae ndo ile roba niliyoisema.

Vifaa vya huku kwetu

Mikeka ya kweli ni hela nyingi, msisubiri. Tandaza pumba za mpunga, ukiwa Moshi fuata mashine za kukoboa kule Chekereni, Arusha mnaweza kupata maranda kwa mafundi seremala, weka unene wa shubiri moja hivi, funika na turubai nzito uikaze pembeni kwa mbao au matairi. Inatosha kabisa kuangushana, na kila wiki ikung'uteni maana inajikusanya sehemu moja. Turubai lioshwe na jiki, kila mtu aoge na sabuni baada ya mazoezi, choa ikiingia kwenye jimu inawamaliza wote ndani ya wiki mbili na hakuna cha kujadili, mwenye choa anakaa nje mpaka ipone.

Dami la kuangushia tengeneza kwa gunia, jaza vitambaa na mchanga kidogo, kilo 40 zinatosha kuanzia. Wale machalii wanaoshusha magunia soko la Kilombero tayari wana migongo ya mieleka kuliko wewe unayenyanyua vyuma, ukimpata mmoja anayependa mchezo mlete jimu haraka. Kama kuna mtu wa judo karibu mfuate kwa heshima, mpe shikamoo yake kama kakuzidi, akufundishe ngwala na kushika, hivyo unavipachika kwenye kona zote nilizosema juu.

Glavu muhimu ni zile ndogo za aunsi 4 zenye vidole wazi, na roba zote mzifanyie mazoezi mkiwa mmezivaa. Roba inayoingia kirahisi mikono mitupu inakwama glavu ikiguswa na kidevu, na ni bora ujue hiyo Jumanne kwenye turubai kuliko siku ya pambano. Glavu za ngumi za aunsi 14 vaeni siku ya kupigana kwa kusimama tu.

Na ukipata pambano, kabla hujasaini chochote muulize promota mambo manne, viwiko vinaruhusiwa chini au hapana, raundi ni dakika 5 au 3, wanapigania ulingo wa kamba au wavu, na refa ametokea kwenye ngumi au anajua mchezo wa chini. Hilo la mwisho linasahaulika sana. Refa aliyezoea ngumi atawasimamisha kila mkikaa chini sekunde 20, hapo mpango wako wote wa kufunga miguu unakufa, inabidi uende moja kwa moja kwenye kumkalia na kupiga mfululizo, au umalizie na roba ya bega. Na kama ni ulingo wa kamba usimsukumie kwenye kona ukitegemea ataegemea, anapita katikati ya kamba, mnaanguka wote nje.